Gome la Usikivu

Neno la Kilatini ambalo waandishi wetu aghalabu huliandika koteksi asili yake ni gome la mti, nalo liliazimwa na matabibu ili kulitia jina tabaka la nje la ubongo, lenye unene wa milimita chache tu, ambamo fahamu nyingi za mwanadamu zina makao. Kwa hiyo sioni sababu ya kulihepa gome, neno tulilo nalo tangu kale. Sehemu ya gome hilo iliyokabidhiwa sauti imo katika mbavu mbili za ubongo, usawa wa masikio, kwenye mkunjo uliopewa jina la Richard Heschl, mwanazuoni wa Austria wa karne ya 19, na humo sauti nene na sauti nyembamba zimetengewa kila moja mahali pake.

Lau kazi yake ingekuwa kupokea tu kila kipitacho sikioni, kuliita gome la kusikia kungetosha. Lakini mwaka 1953 Colin Cherry, mtaalamu wa Uingereza, aliwasikilizisha watu hotuba mbili kwa wakati mmoja, moja sikio la kulia na ya pili la kushoto, akawataka waikariri moja neno kwa neno. Walipoulizwa habari za ile nyingine, hawakuwa na la kusema ila kwamba ilikuwa sauti ya mtu, mwanamume au mwanamke, na hata ilipogeuzwa kutoka Kiingereza kuwa Kijerumani wengi wao hawakutambua. Sikio lilikuwa wazi, ilhali maana haikuingia.

Ushahidi ulio dhahiri zaidi ulipatikana San Francisco mwaka 2012, pale Nima Mesgarani na Edward Chang walipochunguza wagonjwa wa kifafa ambao, kwa ajili ya matibabu yao, walikuwa wamewekewa elektrodi juu ya ubongo wenyewe. Watu wawili waliposikika wakisema pamoja, ishara za gome zilifuata maneno ya yule aliyetegewa sikio, karibu kana kwamba anasema peke yake. Na mgonjwa alipokosea akamfuata asiyekusudiwa, ishara nazo zilimfuata huyo huyo. Basi gome hili huchagua.

Ndiyo maana napendelea kuliita gome la usikivu. Mtoto msikivu kwetu si yule mwenye masikio makali, bali ni yule atiaye maanani aambiwayo, na sifa hiyo ya kusikia kwa nia ndiyo hasa iliyoonekana katika majaribio haya. Najua kwamba watangazaji husema usikivu wa redio wakikusudia kufika kwa mawimbi, lakini matumizi hayo hayaidhuru istilahi, maadamu kila moja ina uwanja wake.

Nawaomba watungaji wa vitabu vya elimu ya viumbe kwa shule zetu waliandike jina hili katika michoro ya ubongo, na kando yake waeleze kazi ya uchaguzi, ambayo michoro mingi imeiacha.