Kujaza gesi ya kiyoyozi cha gari nyumbani: hatua na hatari zake

MADEREVA wengi wa Mombasa, Malindi na Garissa hutambua thamani ya kiyoyozi siku ile kinapoanza kupuliza hewa vuguvugu. Baadhi yao hununua mkebe wa gesi na kuijaza wenyewe nyumbani. Jambo hilo lawezekana, ingawa si kwa kila gari.

Kinyume na dhana ya wengi, gesi hii haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka katika mfumo uliofungwa: kompresa huigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza hadi ikawa kioevu, kisha huvukiza nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la hewa inayowafikia abiria. Ikipungua, basi pana mahali inapovuja. Kuvuja polepole kwenye viungio kwa miaka kadhaa ni kawaida. Mfumo unaoisha gesi baada ya majuma mawili hauhitaji mkebe mwingine, wahitaji fundi.

Kibandiko kilicho chini ya boneti hutaja aina ya gesi na uzito wake, aghalabu kati ya gramu 400 na 800. Magari mengi yaliyoundwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia R-134a. Yaliyotangulia yalitumia R-12, iliyoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni, ilhali mengi ya karibuni hutumia R-1234yf, ambayo yaweza kushika moto. Gesi hizi hazichanganywi. Ile ya kupikia nayo isitiwe kamwe. Ni kweli hupoza, lakini ikivuja ndani ya gari, cheche moja yatosha kuleta maafa.

Kazi hii hufanyiwa mahali penye hewa ya kutosha, kwa glovu na miwani ya kinga, kwa sababu R-134a huchemka katika nyuzi 26 chini ya sufuri na hugandisha ngozi na macho. Injini huwashwa, kiyoyozi kikawekwa kwenye baridi kali na feni kwenye kasi ya juu. Mpira wenye geji huunganishwa na tundu la shinikizo la chini, lililo kwenye bomba nene na ambalo aghalabu huwa na herufi L. Kuunganisha upande wa shinikizo la juu kwaweza kupasua mkebe mikononi. Mkebe hushikwa wima na kufunguliwa kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye geji.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kuzidisha gesi ni kuzidisha baridi. Gesi ikizidi, shinikizo hupanda, baridi hupungua na kompresa yaweza kuharibika. Isitoshe, geji hiyo haipimi uzito. Gereji yenye mashine ya kunyonya gesi yote, kuondoa hewa na unyevu, kisha kujaza kwa mizani, hufanya kazi sahihi zaidi.

Wenye magari ya haibridi wasijaribu kabisa. Mengi yana kompresa inayoendeshwa kwa umeme wa volti nyingi, na mafuta ya kawaida yaliyomo katika baadhi ya mikebe hupitisha umeme.

Gesi inayobaki nayo isimwagwe hewani. R-134a huchangia ongezeko la joto duniani mara zaidi ya 1,000 kuliko hewa ya kaboni ya uzito uo huo, na ndiyo maana imo miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana mjini Kigali mnamo 2016 kuzipunguza.

Kabla ya kununua mkebe wowote, yafaa kukagua kichujio cha hewa ya ndani na kuondoa vumbi lililoziba kondensa. Huenda gesi haijapungua.