"Chache" ni Ngapi?

Somo letu la leo ni juu ya maneno yanayotaja kiasi bila ya kutaja hesabu.

Mama mmoja pale soko la Mwanga amwambia mwenziwe, "Dada, nikopeshe dagaa kidogo, nitakulipa baada ya siku chache." Wote wawili waridhika. Ugomvi waja baadaye, kwa kuwa mmoja alifikiri siku chache ni tatu, na mwingine alifikiri ni kumi. Hakuna aliyesema uongo. Neno lenyewe halikuwa na hesabu ndani yake.

Kila lugha ina maneno ya namna hii. Sisi tunayo "chache" na "ingi", na kutoka Kiarabu tulipata "baadhi" na "kadhaa". Waingereza nao hutenga vitu vinavyohesabika na visivyohesabika. Kwa mayai mengi husema "many", kwa maji mengi husema "much". Sisi neno letu ni moja. Tena wanalo neno "few" na neno "a few". Mwingereza akisema ana rafiki "few", analalamika kwamba hawatoshi. Akisema "a few", anafurahi kwamba anao. Pengine rafiki wenyewe ni watatu tu katika habari zote mbili! Herufi ile moja haitaji hesabu. Yaonyesha moyo wa msemaji.

Sasa tutazame wazee wa Ujiji walivyofanya. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilikutana hapo na mitumbwi ya Ziwa Tanganyika. Watu wa makabila na lugha nyingi waliuziana samaki, chumvi, mafuta ya mawese na pembe za ndovu. Watu wasiojuana hawawezi kufanya biashara kwa neno "kidogo". Kwa hiyo walihesabu. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta fedha ya soko ni shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Shanga zilitungwa katika uzi ulioitwa kete, na kete 10 zilikuwa fundo 1. Nguo nayo ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, na shuka 2 ni doti.

Mwingereza Cameron, aliyefika mwaka 1874, alieleza kwamba soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya shanga, wakiwabadilishia wanunuzi. Soko lilipofungwa walizipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Bila ya hesabu kazi hiyo isingewezekana.

Lakini kipimo cha mkono kilikuwa na kasoro, maana mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikapimwa kwa mizani. Zamani za Waingereza tulipima kwa ratili. Baada ya uhuru tukaingia katika kilo.

Je, ugomvi umekwisha? Hapana. Mkulima auza "gunia moja". Mnunuzi alishindilia, kisha alifunga kilemba juu, likawa lumbesa. Moja ni hesabu, lakini gunia hilo halina kiasi kinachojulikana, na anayepunjwa ni mkulima. Ndiyo sababu serikali imekataza lumbesa, na tangu mwaka 2002 tunayo Wakala wa Vipimo ya kusimamia mambo hayo.

Basi, ndugu zangu, katika mazungumzo tuseme "chache" na "kidogo" bila ya wasiwasi. Lakini penye deni, bei au mkataba, tuandike hesabu pamoja na kipimo chake: kilo 5, siku 7. Ukijua kuandika hivyo, hutapunjwa kwa neno.

Maswali:
1. Kete ngapi zilifanya fundo 3?
2. Doti 5 ni mikono mingapi?
3. Andika tena kwa hesabu na kipimo: "Nimempa Juma mchele kidogo, atalipa baada ya siku kadhaa."