Alizeti ya Ufipa, Nazi ya Pwani

Asubuhi ya Julai kule Pito, katika Manispaa ya Sumbawanga, mafuta ya nazi yaliyotoka pwani huwa yameganda chupani, meupe kama samli, na sharti yaanikwe juani kwanza. Ya alizeti, yaliyokamuliwa papo hapo Ufipa, yanamiminika bila taabu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri ya kipupwe katika uwanda huu wa juu hailifikii joto hilo.

Mafuta haya mawili hutofautiana hata yakifika kwenye unywele. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya nywele. Asidi ya lauriki, iliyojaa kwenye nazi, ina molekuli ndogo na nyoofu inayopenya ndani ya unywele. Asidi ya linoleiki ya alizeti ni kubwa zaidi tena imepinda, ikaishia juu.

Hata hivyo, kubaki juu nako ni kazi. Nywele zilizopakwa hazisuguani sana, na chanuo hupita bila kuzikata. Kwa mtu anayeishi kwenye upepo mkavu wa Ufipa, hilo si jambo dogo. Tena mwenye alizeti huipeleka mashineni akarudi na dumu la mafuta ya kupikia na kujipaka, pamoja na mashudu ya mifugo. Mpwani naye hukuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui na kulichemsha mpaka maji yaishe, mafuta yajitenge. Sioni kwa nini mmoja amwonee mwenzake wivu.

Ahadi kwamba mafuta huotesha nywele ndiyo inayohitaji kuchunguzwa. Tanzania sifa hiyo hupewa mafuta ya nyonyo, Jamaika vilevile. Namna ya kuyatengeneza inafanana ajabu: mbegu hukaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa, mafuta yakaenguliwa. Wajamaika huyapenda meusi, yenye majivu ya mbegu zilizoungua. Ni mazito, hung'arisha na kulainisha, lakini ushahidi kwamba yanaotesha nywele ni dhaifu. Unywele huzaliwa chini ya ngozi na kurefuka takriban sentimita moja kwa mwezi. Kinachoonekana nje hakina uhai wa kulishwa. Tamaa yenyewe ni kongwe: mafunjo ya Ebers ya Misri, ya karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanamwagizia mwenye upara mafuta ya simba, kiboko na mamba.

Uskoti walikwenda njia nyingine. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen waliwapima wagonjwa 86 wenye upara wa mabaka. Kundi moja lilisugua kichwani mafuta ya jojoba na ya mbegu za zabibu yaliyotiwa viini vya zaatari, rozimari, lavenda na mwerezi. Jingine lilisugua mafuta hayo matupu. Waliopata nafuu ni asilimia 44 kwa 15. Nafuu kubwa, basi, ilifuata viini vya mimea. Nao walikuwa wagonjwa wa maradhi maalumu, si watu waliotaka tu nywele ndefu.

Wanawake wa Basara wa Chad, mashuhuri kwa nywele zinazofika kiunoni, ndio wanaonishawishi zaidi. Unga wao uitwao chebe, wenye karafuu ndani yake, huchanganywa na mafuta ukapakwa kwenye nywele zilizoloweshwa, kisha zikasukwa na kuachwa siku kadhaa. Ngozi ya kichwa huepukwa. Hawadai kuharakisha mzizi. Wanazuia nywele zisikatike, na zile sentimita za kila mwezi zinabaki kichwani. Kazi hiyo alizeti ya Pito inaweza kuisaidia, na haigandi Julai.