Tabibu Troxler na Katiba ya Uswisi

Ignaz Paul Vital Troxler alizaliwa mwaka 1780 katika Beromünster, mji mdogo wa jimbo la Luzern, nchini Uswisi. Alisomea utabibu huko Jena, Ujerumani, na papo hapo akahudhuria mafunzo ya falsafa ya Schelling. Tangu siku zile elimu hizo mbili hazikuachana katika maisha yake.

Utabibu ndio uliomtia katika mashaka ya kwanza. Mwaka 1806 aliwalaumu wakuu wa afya wa Luzern kwa namna walivyoyakabili maradhi yaliyozuka jimboni. Wakuu wakaghadhibika, naye ikambidi kuihama nchi. Mwaka 1820 alirudi Luzern akiwa mwalimu wa falsafa. Mwaka uliofuata akafukuzwa, kwa sababu alichapisha maandiko ya Buchanan na Milton yaliyotetea haki ya raia kumpinga mtawala dhalimu.

Basel ilimpa uprofesa mwaka 1830. Lakini wakati ule watu wa mashamba, waliokuwa wengi kuliko watu wa mjini, walidai sauti barazani kwa kadiri ya wingi wao. Troxler alishukiwa kuwa upande wao, na mwaka 1831 kazi ikamponyoka tena. Kuanzia 1834 mpaka 1853 alifundisha falsafa Bern.

Jambo lake kubwa lilikuja uzeeni. Kwa mkataba wa 1815, kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja katika baraza la shirikisho. Vita vifupi vya Novemba 1847 vilipokwisha, ilipasa kutunga katiba mpya. Majimbo makubwa yalitaka viti vigawanywe kwa hesabu ya watu. Madogo yalihofu kumezwa. Mapema mwaka 1848 Troxler alitoa kijitabu akieleza kwamba Marekani ilikwisha kulifungua fundo hilo kwa kuwa na mabaraza mawili. Wazo hilo halikuwa lake peke yake, maana James Fazy wa Geneva naye alilitetea. Lakini kijitabu kilifika katika kamati ya katiba kwa mkono wa Melchior Diethelm, mjumbe wa Schwyz, aliyekuwa mwanafunzi wake. Katiba ya tarehe 12 Septemba 1848 ikaweka baraza moja la wananchi kwa hesabu yao, na jingine la majimbo, kila jimbo zima wajumbe wawili.

Msomaji aweza kuuliza: yule aliyeshukiwa kuwatetea wengi Basel, mbona baadaye aliwatetea wachache? Hakuna kigeugeu hapo. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basel wanyonge walikuwa wengi. Katika shirikisho walikuwa wachache. Alipofariki Aarau mwaka 1866, mabaraza yale mawili yalikuwa yamedumu zaidi ya miaka 17, na hata leo yangali yapo.