Wokovu: imani na mwenendo (Dodoma)

Wokovu, katika teolojia ya Kikristo, ni kukombolewa kwa mwanadamu kutoka dhambini na mautini. Kama unategemea imani au mwenendo mwema ni swali lililoyagawa makanisa ya Magharibi tangu karne ya 16. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, ilipo Nzuguni, kata ya Jiji la Dodoma, Wagogo wengi walilipokea jibu la Kianglikana: wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927. Mafundisho yao yalishikilia kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu kuwa mwadilifu, kwa imani pekee, matendo mema yakiwa matunda yake tu.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, uliutatiza mpaka huo kati ya imani na matendo, kwa kuwa waliookoka walitarajiwa kutubu hadharani na kurudisha walichoiba, hata tabia ikawa, kwa kweli, kipimo cha imani iliyodaiwa kutohitaji kipimo. Gumu zaidi ni suala la wahenga waadilifu waliokufa kabla ya Injili kuwafikia. Hapo Kanisa Katoliki lilisema wazi mwaka 1964, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba asiyemjua Kristo pasipo kosa lake, akifuata dhamiri kwa msaada wa neema, anaweza kuokoka. Waprotestanti wengi wa kiinjili hawajalikubali fundisho hilo.