Fungu la Mjane

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila zilizowekwa katika maandishi. Kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka huo imo kanuni ambayo wajane wa Bukoba na Muleba walikuwa wameiishi kabla haijapigwa chapa: mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Wanasheria huijadili kanuni hii kama habari ya ardhi, na wana sababu. Lakini tuisome tena polepole. Kama fungu la mjane ni watoto, basi siku anapozuiwa kuwaona amenyang'anywa urithi wote aliobakiziwa.

Na kumzuia hakukuhitaji ubaya mwingi. Kwa Wahaya kibanja, chenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, ni cha ukoo, na watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Baba akifa wanabaki palepale chini ya mlezi, mara nyingi baba mkubwa au baba mdogo. Mama ana njia tatu: kubaki na wanawe, kukubali kurithiwa na shemeji, au kurudi kwao. Akirudi kwao anarudi peke yake. Kutoka Ihangiro hadi Kiziba kwa miguu, enzi hizo, haikuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha pamoja na Hartnoll kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Alifariki 1962, mwaka mmoja kabla ya yale matangazo. Wino una tabia yake. Jambo lililokuwa likibishaniwa kwenye kikao cha ukoo, bibi mmoja akisihi na mzee mmoja akilegea, likawa namba ya kanuni.

Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakatambuliwa Kagera. Mitaani ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za magendo. Wajane wakaongezeka, tena vijana, na wapo walioshutumiwa kwamba wao ndio waliomuua mume. Aliyetuhumiwa hivyo arudi vipi kwenye ua uleule kuomba kumwona mwanawe? Walezi nao wakafa. Watoto wakahamia kwa mjomba, kwa shangazi, na wengi kwa bibi. Watafiti waliofuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huo kati ya 1991 na 1994, wakawatafuta tena watu walewale mwaka 2004, waliona kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipungukiwa takriban sentimita 2 za kimo na karibu mwaka 1 wa shule. Hao walipima vifo. Mama aliye hai asiyeruhusiwa kufika ni hesabu nyingine.

Dawa ilikuwepo. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama, inapompa mtu malezi ya mtoto, kuamuru mzazi aliyekosa malezi apate nafasi ya kumwona mwanawe au kutembelewa naye. Nafasi hiyo inaweza kutolewa hata kwa jamaa wa mzazi aliyefariki. Kifungu cha 125 kinadhania kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, lakini kinataka pia mila za wahusika zizingatiwe. Mlango umefunguliwa, komeo limeachwa palepale. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikatanguliza maslahi ya mtoto, na kifungu cha 38 kinampa mzazi, mlezi au ndugu aliyekuwa akimtunza njia ya kuomba mahakamani kumwona mara kwa mara.

Vijijini mambo bado huanzia kwenye kikao cha ukoo. Muhtasari unaandikwa, unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi anateuliwa. Hapo ndipo watu huchanganya. Msimamizi amekabidhiwa mali aigawe, hakukabidhiwa watoto. Ila akishashika karatasi yenye muhuri huamini ameshika vyote, na mjane akiuona muhuri huamini vivyo hivyo. Kumwona mtoto kuna ombi lake, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana kazi yake humo.

Wengi hawafiki huko. Hupatana kimya kimya: likizo ya Desemba, majira ya senene, mtoto anaachiwa siku chache aende kwa bibi mzaa mama. Siyabezi mapatano hayo. Yana upole ambao amri ya mahakama haina. Lakini yanategemea hisani ya mtu mmoja, na mtu huyo huugua, huhama, hukasirika. Mtoto naye anakua, anakabidhiwa kibanja, na siku moja ndugu watamuuliza kama kuna chumba cha mama yake, mwanamke anayemjua kwa zile siku chache za Desemba.