Mipaka ya Shule na Nyumba za Bei Nafuu: Funzo la Kaunti Mbili za Maryland

Utangulizi

Katika sehemu kubwa ya Marekani, anwani ya nyumbani ndiyo inayoamua mtoto atasoma shule gani ya umma. Bodi ya shule huchora mipaka kwenye ramani, na kila aishiye ndani ya mpaka huandikishwa katika shule ya eneo lake. Utaratibu huu huonekana wa haki kwa kuwa haumuulizi mtu kipato chake. Ukweli ni kwamba kipato kimekwishaulizwa, siku ile mzazi alipotafuta nyumba. Palipojengwa nyumba za familia moja tu, kila moja katika kiwanja kikubwa, mpishi wa hoteli au msaidizi wa muuguzi hana pa kupanga, na mtoto wake hana dawati katika shule ya hapo.

Makala hii inajenga hoja kwamba kubadili mipaka ya shule bila kugusa mgawanyo wa nyumba za bei nafuu ni kutibu dalili na kuuacha ugonjwa. Mifano yake ni kaunti mbili jirani za jimbo la Maryland: Montgomery na Howard.

Chanzo ni sheria za ardhi

Mwaka 1926, katika shauri la Euclid dhidi ya Ambler, Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha miji kugawa ardhi kwa matumizi, ikakubali pia kwamba majengo ya fleti yanaweza kutengwa na mitaa ya nyumba za familia moja. Shauri la Brown la mwaka 1954 lilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma, na sheria ya makazi ya mwaka 1968 ikakataza ubaguzi huo katika kuuza na kupangisha nyumba. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyogusa ukubwa wa chini wa kiwanja au katazo la kujenga fleti. Aliyekuwa akizuiwa kwa rangi yake akaanza kuzuiwa kwa bei.

Mwaka 1974, katika shauri la Milliken dhidi ya Bradley, mahakama hiyohiyo ilikataa mpango wa kuunganisha shule za Detroit na wilaya 53 za shule za vitongoji vyake. Tangu hapo, mpaka wa wilaya ya shule umekuwa kinga madhubuti kwa vitongoji vya wenye nacho. Maryland ina nafuu moja: wilaya zake za shule ni 24 tu, yaani kila kaunti na wilaya yake, pamoja na jiji la Baltimore. Tajiri na maskini wa kaunti moja wako chini ya bodi moja ya shule. Kwa hiyo jimbo hili ni mahali pazuri pa kupima mipaka inaweza nini na haiwezi nini.

Montgomery: nyumba zilitangulia

Katikati ya miaka ya 1970, Kaunti ya Montgomery ilianza kuzilazimisha kampuni zinazojenga mitaa mipya kutenga sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato cha wastani na cha chini. Kwa muda mrefu kiwango hicho kimekuwa kati ya asilimia 12.5 na 15. Shirika la nyumba la kaunti lilipewa haki ya kununua hadi theluthi moja ya nyumba hizo na kuzipangisha kwa familia maskini. Hivyo nyumba za umma zilienea katika mitaa ya kitajiri bila kurundikwa mahali pamoja.

Mtafiti Heather Schwartz aliwafuatilia wanafunzi wapatao 850 wa nyumba hizo kati ya mwaka 2001 na 2007. Familia zao hazikuchagua mtaa, zilipangiwa kwa bahati nasibu. Hadi mwisho wa shule ya msingi, waliosoma katika shule zenye maskini wachache zaidi walikuwa wamepunguza kwa nusu pengo la hisabati kati yao na wenzao wasio maskini, na kwa theluthi pengo la kusoma. La kuzingatia zaidi ni kwamba katika miaka hiyohiyo kaunti ilikuwa ikipeleka fedha za ziada katika shule zenye umaskini mwingi, kwa madarasa madogo na mafunzo ya walimu. Hata hivyo, watoto waliokaa na kusoma pamoja na wenye nacho waliwapita wenzao wa shule hizo. Na hakuna aliyehitaji kuwapandisha basi la mbali, kwa kuwa walisoma shule ya mtaani kwao.

Howard: mipaka ilitangulia

Kaunti ya Howard ina mji wa Columbia, ulioanzishwa na James Rouse mwaka 1967 kwa nia ya kuwaweka pamoja watu wa rangi na vipato mbalimbali. Fleti na nyumba za ruzuku zilijengwa humo. Upande wa magharibi wa kaunti ni hadithi nyingine: mabomba ya maji na majitaka ya umma hayafiki, kila nyumba ina kisima chake na shimo lake la majitaka, na viwanja ni vya ekari kadhaa. Katika ardhi ya namna hiyo fleti haijengeki. Zaidi ya hayo, katika maeneo ya nyumba za familia moja, sheria ya kaunti imeruhusu mjenzi kulipa ada badala ya kujenga nyumba za bei nafuu palepale.

Matokeo yalionekana mwaka 2019. Zilikuwapo shule za sekondari ambamo wanafunzi waliohitaji chakula cha bure au cha bei iliyopunguzwa hawakufikia mmoja kati ya kumi, na nyingine ambamo walizidi wanne kati ya kumi. Mkuu wa shule za kaunti, Michael Martirano, alipendekeza kuhamisha wanafunzi zaidi ya 7,000 ili kupunguza msongamano na kusawazisha umaskini. Mikutano ya hadhara ilifurika wazazi waliopinga. Mwezi Novemba bodi ilipitisha mpango uliopunguzwa, wa wanafunzi zaidi ya 5,000.

Wapinzani walikuwa na hoja moja nzito: mtoto anastahili kusoma karibu na kwao, pamoja na marafiki wa mtaani kwake. Nakubaliana nayo. Lakini anayeishika hoja hiyo kwa dhati hana budi kukubali nyumba za bei nafuu karibu na kila shule nzuri. La sivyo anadai ukaribu kwa mwanawe na kumnyima wa mwenzake. Hoja yao nyingine, kwamba thamani ya nyumba zao ingeshuka, ni dhaifu zaidi. Shule ya umma hugharimiwa na walipakodi wote, na hati ya nyumba haimpi mtu umiliki wa shule.

Hitimisho

Kiini cha tatizo ni mgawanyo wa madaraka. Bodi ya shule huchora mipaka, halmashauri ya kaunti hupanga ardhi, na kila upande hulalamikia maamuzi ya mwenzake. Mipaka iliyosawazishwa leo itapotoka tena ikiwa nyumba za bei nafuu zitaendelea kurundikwa upande mmoja. Hatua tatu zinahitajika. Kwanza, mipango ya ardhi na ya mipaka ya shule ijadiliwe katika kikao kimoja na ipitishwe pamoja. Pili, ruhusa ya kulipa ada badala ya kujenga iondolewe katika maeneo yenye shule zenye maskini wachache. Tatu, msongamano wa madarasa usitumiwe kuzuia nyumba za bei nafuu. Darasa huongezwa, familia haifukuzwi. Montgomery imethibitisha kwamba kuzieneza nyumba za bei nafuu kunawezekana. Kaunti inayoendelea kuhamisha watoto huku ikiacha sheria zake za ardhi kama zilivyo imechagua kuwabebesha watoto mzigo wa watu wazima.